Mmoja Wenu Amefaulu

Mwanamke aliyekuwa akipiga pasi kwenye mashine ya pili alifariki Jumanne, na Alhamisi wenzake wa chumba cha kufulia nguo za hospitali wakapewa saa mbili za kwenda kumzika. Wasifu wa marehemu ulisomwa na mjomba mmoja mwenye haraka zake. Alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto wanne, akafanya kazi ya udobi, akaugua, akafa. Mama Shuka, aliyefanya naye kazi bega kwa bega miaka kumi na tisa, alikuwa na mazoea ya kupima muda kwa mashuka, na alivyopima yeye, maisha yale yalikwisha kabla shuka la pili halijakunjwa.

Waliporudi kazini mvuke ulikuwa umejaa hadi darini. Mama Shuka akashika ncha mbili za shuka, mwenzake akashika mbili nyingine.

"Hivi mimi watanisomea nini?" akauliza.

"Wewe? Watasema marehemu alikuwa haachi doa!"

Chumba kizima kikacheka, na yeye akacheka. Lakini kicheko kile kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na hadi saa ya kutoka alikuwa hajakimeza.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mume alikuwa ameshakwenda na hamsini zake zamani, akamwachia binti mmoja na kitanda chenye mguu wa matofali. Kazini alikuwa bado kibarua wa kutwa, kwa sababu ajira ya kudumu ilitaka cheti cha kidato cha nne, naye hakuwa nacho. Hata kwenye daftari la mahudhurio aliandikwa Mama Shuka, kana kwamba hakuna aliyemzaa akampa jina.

Tatizo lilianzia mbali. Yeye na mdogo wake walifanya mtihani wa darasa la saba mwaka mmoja, katika chumba kimoja. Yeye akiwa na miaka kumi na mitano, mdogo kumi na mitatu. Majibu yalipotoka yeye alikuwa hospitali, akimuuguza mama yao aliyevunjika nyonga. Baba alisimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi, akasema, "Mmoja wenu amefaulu. Mdogo wako." Basi. Mdogo akaenda shule ya bweni, akasomea uuguzi, akapanda hadi kuwa mkuu wa wodi ya wazazi katika mji mwingine, watu wakimwita Sista hata akiwa sokoni kununua nyanya. Mkubwa akabaki na beseni.

Tangu siku ile Mama Shuka aliamini kwamba kichwani mwake hamna kitu. Kusoma alijua, tena vizuri, lakini akiletewa fomu alimpa mtu mwingine aijaze. Wauguzi wakileta mashuka mia na kumi wakaandika mia na ishirini, yeye ndiye aliyesema, "Labda nimekosea mimi." Hakuwa amekosea hata siku moja.

*

"Nataka kurudi shule," aliwaambia watu wa nyumbani Jumapili ile, mezani. "Kuna darasa la jioni la watu wazima."

Nyumba ilikuwa ya watu watatu: yeye, binti yake aliyekuwa akisoma chuo, na mama yake mzazi, ambaye wote walimwita Bibi. Miguu ya Bibi ilikuwa imekataa kazi, lakini ulimi ulikuwa bado kijana.

Binti alicheka kwa upole. "Mama, ukimaliza utaanza kazi lini? Siku ya kustaafu?"

"Sitafuti kazi. Nataka kujua kama kweli nilikuwa mjinga."

Bibi aliacha kutafuna. "Yaliyopita si ndwele," akasema. "Mtu mzima kukaa na watoto dawati moja! Watu watasema nini?"

"Watasema wanachosema siku zote, mama."

"Nani atanipa chakula changu cha jioni?"

"Nitakiacha tayari."

Bibi akasukuma sahani. Siku tatu hakumsemesha mwanawe ila kwa kuomba maji. Mama Shuka alidhani ni deko la uzee.

*

Darasa lilikuwa katika shule ya msingi, na madawati yalikuwa ya watoto wadogo, magoti yakigota chini ya meza. Wanafunzi wengi walikuwa vijana waliorudia mtihani. Siku ya kwanza mmoja alimwamkia, akamuuliza kama amekuja kufagia. Mwalimu alikuwa kijana mwenye mashati mawili tu, naye aliona aibu kumsahihisha mtu wa umri wa mama yake. Aibu hiyo haikudumu, kwa sababu hapakuwa na cha kusahihisha. Hesabu Mama Shuka alizimaliza wenzake wakiwa bado wanachonga penseli.

"Mama, wewe ulisomea wapi?" mwalimu alimuuliza mwezi wa tatu.

"Sikusoma. Nilifeli la saba."

Mwalimu alilitazama daftari, akamtazama yeye. "Aliyekwambia hivyo alikuonea," akasema. "Kajiandikishe mtihani. Hata aliyefeli anaruhusiwa, anaanza na mtihani mdogo wa kujipima. Nenda na jina ulilosomea la saba, na mwaka."

Basi Ijumaa moja akaomba ruhusa nusu siku, akavaa gauni lake la harusini na misibani, akaenda ofisi ya mitihani. Alisimama mbele ya dirisha la kioo lenye tundu la kuongelea, akainama ili sauti ipite. Karani, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba, alibonyeza jina, akasubiri, akabonyeza tena.

"Mama, hapa inaonyesha umefaulu."

"Nimefaulu nini?"

"La saba. Na kidato cha nne. Halafu ukaenda chuo cha uuguzi." Karani aliinua macho. "Wewe ni muuguzi?"

"Mimi ni dobi."

Watu waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walianza kunung'unika. Mmoja akasema kwa sauti, "Mama, kama umesahau ulichosoma, wapishe wenzako!" Wakacheka. Mama Shuka hakusikia. Alikuwa ameshika ubao wa dirisha kwa mikono miwili.

"Nitajie tena," akasema. "Hiyo shule ya bweni."

Karani akaitaja. Ilikuwa shule ya mdogo wake.

Karani si mtoto; mambo haya alikuwa ameshayaona. Alipitisha fomu chini ya kioo, akapunguza sauti. "Mama yangu, hapa ama wewe unadanganya, ama kuna mtu anatembea na jina lako. Ukijaza hii, mwenye jina ataitwa ajieleze. Ukiirudisha kabla ya Ijumaa ijayo, unaandikishwa. Usipoirudisha, jina hili siwezi kuliandikisha mara ya pili."

*

Alimkuta Bibi kitandani, akisubiri kupakwa mafuta miguuni kama kila jioni. Mama Shuka akaketi, akamimina mafuta kiganjani, akaanza mguu wa kushoto.

"Mama, nani alifaulu?"

Mguu ulikakamaa mikononi mwake.

"Nani kakwambia?"

"Kompyuta."

"Basi hiyo kompyuta ina umbea kuliko watu." Bibi akageuzia uso ukutani. "Nilikuwa nimelala sijiwezi. Nani angenigeuza? Nani angewapikia? Mdogo wako alikuwa hawezi kuosha kikombe bila kukivunja. Wewe ulikuwa na mikono."

"Nilikuwa na kichwa pia."

"Kichwa hakipiki uji. Baba yako alisema, nafasi ni moja, ikiachwa inapotea. Haikupotea. Imetulisha wote mpaka leo. Hata wewe."

"Miaka thelathini na nne, mama. Umeniangalia nikijiita mjinga mbele yako, ukanyamaza."

"Ningekwambia ungepata nini? Uchungu. Nilikupunguzia."

Mama Shuka aliendelea na mguu wa kulia, maana mikono ilikuwa imeshazoea, haikungoja ruhusa ya moyo. Alipomaliza alikwenda uani, akanawa kwa sabuni ya kufulia hadi kwenye viwiko, akanawa tena.

Binti alimfuata. Alikuwa amesikia yote; nyumba yenyewe kuta zake ni kama pazia.

"Utaijaza hiyo fomu?"

"Sijui."

"Mama, mimi nimebakiza mwaka mmoja na nusu. Ada analipa mama mdogo."

"Analipa kwa jina langu."

"Jina halilipi ada, mama. Mshahara ndio unalipa." Neno lilipomtoka, binti alishika mdomo. Lakini neno si kuku kwamba ukiliita litarudi bandani. Usiku ule ule alimpigia simu mama yake mdogo.

*

Sista alikuja Jumatano, tena si nyumbani bali kazini. Aliingia chumba cha kufulia na viatu vyake vizuri, akiruka madimbwi ya maji ya sabuni, na wadobi wote wakasimama kwa heshima wakidhani ni ukaguzi. Mama Shuka hakusimama, kwa sababu alikuwa tayari wima, akikunja.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Wenzake wakatazamana, wakakumbuka chai yao, wakatoka. Sista alisubiri kuambiwa aketi. Hakuambiwa. Mwishowe akaweka mkoba juu ya rundo la foronya, akashika ncha mbili za shuka upande wa pili. Wakakunja la kwanza.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," Sista akaanza. "Baba alinisimamisha mbele ya mkuu wa shule, akanibana bega hapa. Akaniambia, kuanzia leo ukiitwa hivi, itika. Nikaitika."

"Na ulipokuja likizo, ulikuwa umekatwa ulimi?"

"Ulikuja kunipokea njiani, dada. Ukabeba sanduku langu kichwani. Ukaniuliza bweni likoje, tunakula nini, tunasoma nini. Ulifurahi kuliko mimi. Ningeanzia wapi?"

"Ungeanzia popote. Miaka ilikuwa mingi."

Wakakunja la pili. Mikono ya Sista ilikuwa imesahau. Pembe hazikukutana, Mama Shuka akalikung'uta, wakaanza upya.

"Mume wangu hajui," Sista alisema. "Watoto hawajui. Nimebakiza miaka kumi na mmoja nistaafu. Wakinitoa hawanipi hata asante, na kesi juu. Kila ninapoitwa kwa jina kazini, dada, nageuka nikidhani wewe uko nyuma yangu. Unafikiri nimelala usingizi?"

"Sijui ulivyolala. Mimi nilikuwa namgeuza mama."

"Nitakujengea chumba cha duka. Pale barabarani. Utakaa, utapumzika."

"Niuze nini? Majina?"

Sista akaanza kulia, bila sauti, kama wanavyolia watu waliozoea kulia zamuni. Mama Shuka alimtazama, akashangaa kuona kwamba hasira aliyoibeba tangu Ijumaa ilikuwa na njaa ya kitu kingine, si ya machozi yale.

"Nilipata ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Mtihani. Barua ilisemaje?"

Sista akajifuta kwa kiganja. "Hesabu ulipata tisini na sita. Ulikuwa wa kwanza kwa wasichana wa wilaya nzima. Siku ya kwanza mkuu wa shule aliitangaza mbele ya wote, nikapigiwa makofi. Wiki iliyofuata tukapewa jaribio, nikapata ishirini. Walinicheka muhula mzima. Mwalimu wa hesabu alisema hajaona mtoto anayeoza haraka namna ile."

Shuka lilimtoka Mama Shuka mikononi, likaanguka sakafuni kwenye maji. Tisini na sita. Alilitamka kwa midomo tu. Alikumbuka hata swali lililompiga chenga, la tangi linalovuja. Katika miaka yote aliyofua damu za watu kwa maji baridi, aliyojaziwa fomu na watoto wadogo, aliyosema labda nimekosea mimi, tisini na sita ilikuwa mahali fulani ndani ya faili, safi kabisa.

Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu anayegawa zamu.

"Sikiliza. Mimi nitasoma. Langu limeshatumika, nitachukua lako."

"Langu lilifeli, dada."

"Najua. Nitalianzia chini. Niletee cheti chako cha kuzaliwa. Na Ijumaa hii unakuja na gari, unamchukua mama."

"Mama? Dada, mimi nina zamu, nyumba yangu ya ghorofa, nani ata—"

"Una mikono," Mama Shuka akasema. "Umchukue, au fomu inarudi dirishani."

Sista aliinama kwa viatu vyake vizuri, akaokota shuka lililolowa, akalitia kwenye beseni la kurudia.

*

Bibi aliondoka Ijumaa, amefungiwa kwenye kiti cha nyuma na mito miwili. "Unanitupa," alisema dirishani.

"Unakwenda kwa msomi wako, mama."

Fomu Mama Shuka aliichana vipande vidogo, akavitia jikoni. Jumatatu alirudi ofisini na cheti cha kuzaliwa cha mwenzake. Karani wa miwani ya kamba alikisoma, akamtazama usoni muda mrefu.

"Mama, una uhakika?"

"Andika."

Karani akagonga muhuri. "Mimi leo sijakuona," akasema taratibu, akaita mwingine.

Miaka miwili ilikwenda. Mwalimu alipoita mahudhurio kwa jina jipya, Mama Shuka alisahau kuitika, na vijana wakaangua kicheko: "Mama kasahau jina lake!" Alijifunza sahihi upya, akiandika nyuma ya risiti za sabuni. Mtihani mdogo akaupita. Mkubwa akaufanya mwezi wa kumi na moja, ukumbini, akiwa na kadi yenye picha yake na jina la mtu mwingine, mkono ukimuuma kwa baridi yabisi ya maji ya kazi. Alipofika kwenye swali la mwisho la hesabu alikuwa na nusu saa mkononi. Hakutoka mapema. Alikaa, akayarudia yote, akijiona yupo.

Alifaulu daraja la pili. Hesabu alipata alama ya juu kabisa, peke yake katika kituo kizima. Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yote miwili. Binti, aliyekuwa amemaliza chuo, alilia, akaomba msamaha kwa lile neno la ada, naye akasamehewa, ingawa neno lenyewe lilibaki.

Kazini msimamizi alikigeuza cheti mbele na nyuma. "Hiki cha nani? Mama Shuka tunamjua. Huyu hatumjui."

"Ndilo jina langu la shule."

"Basi ajira ya kudumu ipo, lakini utaandikwa mpya. Ile miaka ishirini na moja ya Mama Shuka haihesabiki, hakuwa na cheti." Akaitazama tarehe ya kuzaliwa. "Ila umepata bahati. Kwa karatasi hii wewe ni mdogo kuliko tulivyodhani. Una miaka miwili zaidi ya kufua."

*

Kabla ya kuanza, alikwenda kumwonyesha Bibi. Hakujua kwa nini alitaka; alijiambia ni kumjulia hali.

Sista alimfungulia mlango, na Mama Shuka akaona nyumba yenye makochi mazuri na harufu ya mkojo iliyoshindikana. Mdogo wake alikuwa amekonda. Vidole vilikuwa vimechanika pembeni ya kucha, kama vya dobi. Hawakusemezana kuhusu hilo.

Bibi alikuwa dirishani, macho yamefunikwa na ukungu mweupe, haoni tena ila mwanga. Mama Shuka alimwekea cheti mapajani. "Ni nini hiki?" Bibi akauliza, akikipapasa. "Nisomeeni."

Mama Shuka alimtazama mdogo wake. Sista akakichukua, akasafisha koo, akasoma: jina lake mwenyewe, la kuzaliwa, ambalo hakuna karatasi iliyomwandika nalo tangu utotoni. Halafu somo moja moja, na alama zake. Alipofika kwenye hesabu aliisoma alama mara mbili.

Bibi aliinua mikono yote miwili. "Mwanangu! Amefaulu! Mwanangu mdogo amefaulu!" Akapapasa hewani, akaupata mkono wa Sista, akaukandamiza shavuni. "Nilikwambia siku moja utafaulu. Si nilikwambia?"

"Si mimi, mama," Sista alisema. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya cheti, akakisogeza pembeni kisilowe. "Ni dada. Dada ndiye aliyefaulu."

"Dada yako?" Bibi alicheka, kicheko chepesi cha kumcheka mtoto. "Dada yako alifaulu toka zamani, na mahesabu yake yale. Huyo hakuwahi kunipa wasiwasi. Wewe ndiye uliyekuwa unaninyima usingizi."

Akaendelea kuukumbatia mkono aliokuwa nao. Mama Shuka alisimama hatua mbili kutoka pale. Alingoja kidogo, pengine Bibi angeuliza dada mtu yuko wapi siku hizi. Hakuuliza. Basi akakichukua cheti mkononi mwa mdogo wake, akakifuta kwa upindo wa kanga, akakirudisha kwenye bahasha.

"Dada, kaa basi ule," Sista alimwambia mlangoni, karibu amshike nguo. "Umetoka mbali."

"Siwezi. Kesho asubuhi naanza kazi."

"Kazi gani?"

"Ile ile," alisema, akiinama kuvaa viatu. "Kwa jina lako."